Chupa za plastiki zimekosa nauli

Mwezi uliopita nilikuwa kisiwani Pate kuwazuru jamaa. Nyuma ya nyumba niliyofikia kulikuwa na magunia ya chupa za plastiki yamerundikwa mpaka karibu na paa. Nikamuuliza mwenye nyumba, mama mmoja wa kikundi cha kina mama, ni ya nini. Akanijibu, "Mwanangu, hizi ni mali, lakini zimekosa nauli."

Kikundi chao kiliokota chupa ufuoni kwa miezi kadhaa. Mnunuzi yuko Mombasa. Walipopiga hesabu ya mashua hadi Mokowe, wapakizi, kisha lori, gharama ikapita bei ya mzigo wenyewe. Baadhi yao wamekata tamaa na wamerudi kuchoma.

Kila taka za vijijini zikizungumzwa, tunaambiwa wananchi wahamasishwe. Semina hufanywa, fulana hugawanywa na viongozi hupigwa picha wakishika mafagio. Mimi naona kasoro iko kwingine. Tazameni chupa ya soda ya kioo. Ni nadra kuiona jaani, ingawa hakuna aliyeitiwa semina juu yake. Hurudi dukani kwa sababu imewekewa amana, kisha hupanda kreti na kurudi mjini kwa gari au chombo kile kile kilicholeta soda. Ina bei na ina njia ya kurudi. Ya plastiki imekosa vyote viwili.

Hapo ndipo serikali za kaunti zinapohitajika. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kuzoa na kutupa taka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza, na kaunti ziweke vituo vya kuchambua zile zinazoweza kutumika tena. Lakini kwa mtu wa Kizingitini, au wa ndani kabisa kule Magarini, kituo kikijengwa mjini ni kama hakipo.

Sisemi kila kijiji kijengewe kiwanda. Plastiki ya kijiji kimoja haitoshi kukiendesha. Naomba mambo matatu tu.

Kwanza, banda moja katika kila wadi, lenye mizani na mashine ya mkono ya kushindilia chupa. Chupa isiyoshindiliwa imejaa hewa, na anayeisafirisha hivyo analipia nauli ya upepo.

Pili, kaunti itenge fungu la nauli. Mashua na malori huleta unga, saruji na maji ya chupa vijijini, na mengi hurudi matupu. Mwenye chombo akijua kuna malipo, hata madogo, ya kubeba marobota kila mwezi, atayabeba.

Tatu, waokotaji walipwe kwa kilo, pale pale penye mizani. Mama anayehitaji unga wa leo jioni hawezi kungoja mzigo uuzwe Mombasa.

Wakubwa watauliza pesa zitoke wapi. Tangu 2024 kuna kanuni zinazowataka watengenezaji na waagizaji wa bidhaa wawajibike kwa vifungashio vyao baada ya kutumika. Kaunti za Pwani zidai kwa sauti moja kwamba uwajibikaji huo ufike hadi visiwani. Zikinyamaza, ni rahisi kampuni kukusanya Nairobi na Mombasa, kisha zikasema zimetimiza sheria.

Kwamba plastiki ni mali, sisi wa Pwani hatuna haja ya kufundishwa. Mafundi wa Lamu waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, likashushwa majini 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja. Ufundi upo, na mikono ya kuokota ipo. Na hasara tunaiona: punda anayekula plastiki jaani huzibwa tumbo, na punda akifa visiwani, ni riziki ya nyumba nzima imekwenda.

Kikao cha bajeti kikifika wadini kwenu, nendeni. Mwakilishi wenu akiwaahidi mapipa mapya, mshukuruni, kisha muulizeni: yakijaa, nani atalipa nauli?