Warushao michezo ya video wafunzwe, wasifukuzwe

Katika mazungumzo mengi ya walimu na wazazi siku hizi, mchezo wa video hutajwa pamoja na utoro, uvivu na kamari. Sikusudii kuutetea mchezo wenyewe. Mwanafunzi akeshaye mbele ya skrini na kusinzia darasani amejidhulumu, na hapana hoja itakayomwokoa. Ninayetaka kumtetea ni kijana mwingine, ambaye aghalabu tunamchanganya na huyo wa kwanza. Huyu huuchukua mchezo ulio katika mashine kama PlayStation au Nintendo Switch, akaupitisha katika tarakilishi ya nyumbani, akawarushia watazamaji moja kwa moja huku akiusimulia. Huyo si mchezaji tu, ni mtangazaji. Naamini shule ina wajibu wa kumfunza utangazaji badala ya kumfukuza.

Ili tusibishane juu ya tusichokijua, hebu kwanza tuitazame kazi yenyewe. Mashine ya michezo hutoa picha na sauti kupitia waya wa HDMI, ambao kwa kawaida huishia kwenye televisheni. Mtangazaji huukatiza mkondo huo kwa kifaa kidogo kiitwacho kadi ya kunasa. Waya wa mashine huingia katika kadi hiyo, na kutoka hapo picha hushika njia mbili. Nakala moja huenda kwenye televisheni papo hapo, na ya pili huingia katika tarakilishi kwa waya wa USB. Mchezaji hutazama televisheni, kwa kuwa picha ya kwenye tarakilishi huchelewa kidogo, na katika kandanda kuchelewa huko kwatosha kumfanya kipa aruke wakati mpira umekwisha kutikisa wavu. Ndani ya tarakilishi, programu kama OBS Studio, inayotolewa bila malipo tangu mwaka wa 2012, huunganisha picha ya mchezo, sauti ya msimulizi na maandishi atakayo kuyaonyesha. Kisha yote hupelekwa kwa watazamaji kupitia Twitch, YouTube na kwingineko.

Yupo atakayeuliza: ya nini taabu yote hiyo, ilhali PlayStation 4 ilitoka mwaka wa 2013 ikiwa na kitufe chake cha kurushia mchezo? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba anayetegemea kitufe hufuata mpango uliowekwa na mtengenezaji. Anayetumia kadi na tarakilishi ndiye mhariri wa matangazo yake. Huamua sauti ya mchezo ishuke wapi ili yake isikike, uso wake ukae pembe ipi, mapumziko yaonyeshe nini. Maamuzi hayo hayana tofauti kubwa na yale yafanywayo katika chumba cha mitambo cha kituo chochote cha televisheni.

Isitoshe, kazi hii imejaa masomo tunayoyafundisha kila siku. Mwalimu wa hisabati na achukue picha ya nukta 1,920 kwa 1,080. Hizo ni nukta 2,073,600. Kila nukta ikieleza rangi yake kwa biti 24, na picha 60 zikipita kila sekunde, tunapata karibu biti bilioni 3 kwa sekunde. Waya wa USB 2.0 hubeba biti milioni 480 kwa sekunde, na hiyo ndiyo sababu kadi za bei nafuu zinazotumia waya huo hulazimika kuibana picha kabla ya kuipitisha. Kiwango ambacho Twitch umekipendekeza kwa miaka mingi kwa picha ya ubora huo ni biti milioni 6 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba tarakilishi ya kijana yule huifinya picha takriban mara 500 bila mtazamaji kuona aibu kubwa. Saa moja ya matangazo hayo hula gigabaiti 2.7 za data, na mwanafunzi aweza kulithibitisha hilo kwa kalamu na karatasi. Ni mwanafunzi gani atakayesema hesabu za namna hiyo hazimhusu?

Hata sheria imo. Baadhi ya mashine huikinga picha yake kwa mfumo wa kinga uitwao HDCP, na kadi ikiunganishwa na mashine yenye kinga hiyo, skrini ya tarakilishi huwa nyeusi tititi. PlayStation 4 na 5 huruhusu kinga hiyo kuzimwa kwa ajili ya michezo, lakini ikizimwa, programu za kutazamia filamu katika mashine hiyo hukataa kufanya kazi. Kijana hujifunza hapo kwamba mwenye filamu na mwenye mchezo hawajatoa ruhusa sawa. Mwaka wa 2020 watangazaji wengi wa Twitch walipokea malalamiko ya hakimiliki kwa sababu ya nyimbo walizozipiga nyuma ya michezo yao, na wengine wakafuta kanda zao za miaka mingi. Somo la hakimiliki halihitaji mfano ulio bora kuliko huo.

Hata hivyo, hayo yote ni ganda. Kiini cha hoja yangu ni lugha. Katika isimujamii tunawafundisha wanafunzi sajili ya michezo. Wanakariri sifa zake: sentensi fupi fupi, takriri, nidaa, msamiati maalumu, lugha ya kusisimua. Mtihani ukija, wanaziorodhesha wakapata alama. Lakini ni wangapi waliowahi kuitumia sajili hiyo kwa vinywa vyao, mpira ukikimbia mbele yao, bila nafasi ya kufuta neno? Tunawafundisha kuogelea ubaoni. Vivyo hivyo katika fasihi simulizi, tunataja fanani na hadhira, tunasema utanzu huu huwasilishwa papo kwa papo na hadhira hushiriki. Kijana anayerusha mchezo ana hadhira hai inayomwuliza maswali, inayomcheka akikosea, na inayoondoka akichosha. Yeye ni fanani hasa, nasi twamwita mpotezaji wa wakati.

Nimesikiliza matangazo ya vijana wetu kadhaa, na lililonihuzunisha si uhaba wa vipawa. Wengi huanza kwa Kiswahili kitamu, lakini mchezo ukipamba moto, ulimi hukwama, wakaazima maneno matatu au manne ya Kiingereza na kuyarudia hadi kipenga cha mwisho. Sivyo tulivyorithi. Nchi hii ilimsikiliza Leonard Mambo Mbotela, aliyeaga dunia Februari 2025, akitangaza kandanda redioni, na wasikilizaji wasioona hata jani la uwanja wakauona mpira. Chenga, mkwaju, krosi, kuotea, kupachika bao: msamiati huo umekwisha kukomaa. Na mchezo ukiwa si wa kandanda, ukiwa wa mashujaa, ngome na majitu, Kiswahili kina hazina kubwa zaidi. Hekaya na tenzi zetu zimejaa panga na ngao, mazimwi na majini, vitisho na majigambo. Atakayeingia katika hazina hiyo hatatoka mikono mitupu.

Lakini tusidhani kwamba kumwiga mtangazaji wa redio kwatosha. Msikilizaji wa redio haoni kitu, basi mtangazaji humwambia ni nini kinachotendeka. Mtazamaji wa mchezo wa video anaona kila kitu, na kumwambia kwamba mpira umetoka nje ni kumchosha. Yeye ataka kujua sababu: kwa nini umempa mpira beki badala ya kupiga langoni, kwa nini umekimbia vita ambavyo ungeweza kushinda. Msimulizi hulazimika kueleza mawazo yake mwenyewe yanapozaliwa. Sijui zoezi la kuzungumza lililo gumu, na lenye manufaa, kuliko hilo.

Zipo pingamizi, na sizidharau. La kwanza ni gharama. Data ni ghali, na si kila nyumba ina tarakilishi, seuze mashine ya michezo. Lakini kadi ile ile inayorusha hurekodi pia, na kurekodi hakuhitaji senti moja ya data. Kadi moja na mashine moja ya kuazima, katika maabara ya tarakilishi ambayo tayari ipo, zatosha chama kizima. La pili ni usalama. Watazamaji wa mtandaoni ni watu wasiojulikana, na baadhi yao hawana nia njema. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data binafsi za mtoto kushughulikiwa, na Twitch wenyewe hauwaruhusu walio chini ya miaka 13. Kwa hiyo mwanafunzi na aanze kwa kurekodi, kazi yake isikilizwe na wenzake darasani, na mlango wa mtandao ufunguliwe baadaye, mzazi akijua. La tatu ni wakati. Hili halina dawa ila ratiba. Dakika kumi za usimulizi uliotayarishwa vyema zina faida kuliko saa tano za kubonyeza vitufe kimya kimya.

Pendekezo langu kwa walimu ni jepesi. Mtaala wa umilisi umeutaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa kimsingi, sambamba na mawasiliano. Hapa pana kazi moja inayobeba yote mawili. Chama cha Kiswahili na chama cha uanahabari vishirikiane. Mwanafunzi arekodi dakika kumi za mchezo, azisimulie kwa Kiswahili sanifu, na mwalimu amsahihishe kama anavyosahihisha insha: msamiati, mtiririko, hoja, mvuto. Mwalimu asiyejua kuunganisha waya asione haya. Mwanafunzi ataunganisha, naye mwalimu atashughulika na ulimi.

Nanyi wanafunzi, msije mkaitumia makala hii kama kinga ya uvivu. Asiyesimulia chochote hawezi kujiita mtangazaji kwa kuwa amenunua kadi. Jipimeni kwa swali hili: picha ikizimwa, je, sauti yako pekee yaweza kumzuia mtu asiondoke? Kama haiwezi, kazi ingalipo.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Vijana wetu wanacheza mbele ya dunia nzima, wakijitahidi kusikika kama watu wa ng'ambo ambao dunia inao tele. Tuwasaidie kucheza kwao, yaani katika lugha yao, wakiijua mitambo wanayoitumia na kuiheshimu sheria. Tukiwafukuza, hawataacha kurusha michezo. Wataendelea kuirusha, ila bila mwalimu.