FIBRA GANI IZIKWE CHINI YA MAWE YETU?



Kamati ya wazazi iko karibu kukata neno juu ya waya ya kuunga majengo ya masomo yetu: biro, maktaba na chumba cha ordinateri. Kuko fibra za aina mbili. Wengi wanasema: "Tuchukue ile yenye vyombo vya bei ndogo, mambo yaishe." Sisi makapita hatukubali, na sababu zetu ni hizi.

Fibra ni uzi wa kioo wa kupitisha mwanga. Aina ya kwanza, multimodi, iko na njia pana katikati, mikroni 50 au 62.5. Mwanga unapita humo kwa njia nyingi, na ule wa njia ndefu unachelewa. Ukienda mbali, habari zinachanganyika. Aina ya pili, monomodi, njia yake ni mikroni 9 hivi. Mwanga unapita njia moja tu, basi unafika mbali ukiwa safi. Kamba za chini ya bahari zilizofika pwani ya Afrika ya Mashariki, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, ni za monomodi.

Wenzetu wanatuambia: "Lakini sisi hatuendi Mombasa!" Ni kweli. Kutoka biro mpaka chumba cha ordinateri tulipima mita 140. Waya ya shaba haifiki, mwisho wake ni mita 100. Multimodi ya OM3 inafika: kwa kasi ya gigabiti 10 inakwenda mita 300. Lakini kwa gigabiti 40 inashuka mpaka mita 100, na kwa gigabiti 100 mita 70 tu. Kasi ikipanda, yenyewe inafupika. Monomodi, kwa kasi hizo zote, kuko vyombo vya kuifikisha kilomita 10. Leo hatuhitaji kasi kubwa hivyo. Hata hivyo, kioo kikizikwa vizuri kinakaa miaka mingi, na mahitaji hayangojei.

Tena tuangalie feza inakwenda wapi. Kwa Lingala, mabanga ni mawe, na kila mtu wa kartiye hii anajua jasho la kuvunja mawe ya volkano kwa mtaimbo na nyundo. Kazi ya bei ni ule mfereji wa mita 140. Monomodi yenyewe, kwa mita, mara nyingi haipiti multimodi kwa bei. Tofauti iko katika vyombo vidogo vya kutuma mwanga, na siku hizi tofauti hiyo imepungua sana. Chombo kinabadilishwa kwa dakika chache. Mfereji, nani atauchimba mara ya pili?

Tunaongeza mambo mawili. Kwanza, kamba isiwe na chuma ndani. Kabare, katika Kivu ya Kusini, ndiyo sehemu ya Afrika inayopigwa na radi kupita zote: utafiti wa 2016 ulihesabu karibu mara 205 kwa mwaka kwa kila kilomita ya mraba. Sisi tuko majirani. Kioo hakipitishi umeme, shaba na chuma vinapitisha. Pili, njia ya mikroni 9 inazibwa na punje moja ya vumbi, na vumbi la Goma tunalijua. Vifuniko visitolewe bure, na ncha zisafishwe kila mara kabla ya kuunga.

Sisi wa mwaka wa mwisho tunaondoka, hatutaitumia fibra hii. Lakini wazazi wetu wametoa sehemu yao, na wadogo zetu wanabaki. Tusiwaachie deni la kuchimba upya. Tunaomba kamati iandike neno "monomodi" katika mkataba kabla ya jiwe la kwanza kuvunjwa.

Mwenye mawazo mengine na aandike, gazeti letu litayapokea.

Kapita wa masomo, kwa niaba ya makapita wote