Hatukupigania Uhuru Sote

Kila Oktoba 20, jukwaani Siku ya Mashujaa, husikika kauli ileile: sote tulipigania uhuru. Watu hupiga makofi. Huo ni uongo, na uongo huo una wenyewe.

Hali ya Hatari ilipotangazwa Kenya mwaka 1952, Mkoa wa Kati haukusimama upande mmoja. Wapo walioingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kupigana upande wa Mau Mau, na wapo walioshika bunduki za Mwingereza wakalinda vijiji vilivyozungushiwa mitaro. Waliomtumikia mkoloni walipewa hati za uaminifu. Katika uchaguzi wa 1957, asiyekuwa na hati hiyo mkoani humo hakupiga kura. Mashamba yalipopimwa upya na kuunganishwa, maelfu walikuwa kizuizini Manyani na kwingineko. Wako waliotoka huko wakakuta mpaka umehama.

Basi uhuru ulipofika 1963, ni nani aliyekuwa na elimu, leseni ya biashara na kiti serikalini? Kwa hao, wito wa Mzee Kenyatta, kiongozi wa Kenya huru, wa kusamehe na kusahau ulikuwa kinga.

Wanaoutetea wito huo husema nchi ingechinjana. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Lakini msamaha hutolewa na aliyedhulumiwa, naye hakuulizwa, alinyamazishwa. Marufuku ambayo wakoloni waliwawekea Mau Mau mwaka 1950 iliachwa katika sheria ya Kenya huru hadi 2003. Na Oktoba 20 yenyewe, siku ya kutangazwa Hali ya Hatari, iliyofungua kambi na vitanzi, ikaitwa Siku ya Kenyatta mpaka katiba ya 2010 ilipoibadilisha. Msiba wa umma uligeuzwa sikukuu ya mtu mmoja.

Wengine watasema hayo yamekwisha, kwani Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alisimamishiwa sanamu Nairobi mwaka 2007. Ndiyo, na wakubwa waliipenda, kwa sababu shaba haidai shamba. Mwaka 2013 Mwingereza alikiri mateso akakubali kulipa pauni milioni 19.9 katika kesi ya wazee 5,228. Alikiri ya kwake. Ya kwetu, ya Mwafrika aliyemchapa jirani yake kisha akamrithi angali hai, nani ameyakiri?

Kiongozi atakayepanda tena jukwaani kutuambia sote tulipigania, aje na hati ya shamba la babake, atusomee mwaka lilipoandikishwa na jina la aliyelilima kabla yake.