Nairobi hadi New York: hesabu saa, si kilomita

Wazazi wanaojiandaa kusafiri na mtoto kwenda Marekani huuliza kwanza ni mbali kiasi gani. Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi ule wa John F. Kennedy, New York, ni takriban kilomita 11,800 angani. Tangu Oktoba 2018 kuna ndege ya Kenya Airways ya moja kwa moja: kama saa 15 kwenda, na pungufu kidogo kurudi, kwa sababu upepo wa huko juu huvuma kuelekea mashariki na kuisukuma ndege. Ukipitia Dubai unaongeza zaidi ya kilomita 2,500, mbali na kusubiri uwanjani.

Kwa mtoto mzima wa afya, hizo ni saa za uchovu tu (na za kumwomba radhi jirani wa kiti). Kazi ipo kwa mtoto aliye kwenye dozi.

Tuseme daktari amempa amoksilini ya maji, kila baada ya saa nane. Unampa saa 6 usiku, ndege inapaa. Mnatua New York majira ya baridi, simu inajibadilisha yenyewe na kuonyesha saa 1 asubuhi. Ukiitegemea, utasema zimepita saa saba, bado kidogo. Kumbe nyumbani ni saa 9 alasiri. Dozi moja imeshapita na nyingine imebakiza saa moja.

Wakati wa kurudi mambo hugeuka, na hapo ndipo mimi huogopa zaidi. Saa ya ukutani huruka mbele saa nane, na mzazi aliyechoka anadhani siku mpya imeanza, anaanza upya kuhesabu parasetamoli. Mwili wa mtoto haujui kalenda. Kati ya dozi na dozi ziwe angalau saa nne, na zisizidi nne ndani ya saa 24 halisi. Vaa saa ya mkononi yenye majira ya Nairobi, na kila ukimpa dawa andika muda kwenye boksi lake. Dawa yenyewe ikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linalokwenda chini.

Wapo wanaompa mtoto Piriton ili alale njia nzima. Tafadhali, hiyo si dawa ya usingizi wa safari. Watoto wengine huwachangamsha badala ya kuwalaza, na aliye mdogo sana inaweza kumletea shida ya kupumua.

Masikio nayo huuma zaidi ndege inaposhuka kuliko inapopaa. Mnyonyeshe au mpe chupa mara inapoanza kushuka, kama nusu saa kabla ya kutua, hata kama itabidi umwamshe. Mkubwa kidogo mpe pipi ya kunyonya.