Memorabilia ni jezi tu?



Baadhi yenu mmeniuliza maana ya neno memorabilia, mlilolikuta katika vitabu vya Kiingereza. Asili yake ni Kilatini: mambo yanayostahili kukumbukwa. Tayari ni wingi, basi anayelitia "s" mwishoni anakosea. Siku hizi Waingereza na Wamarekani hulitumia zaidi kwa vitu, kama jezi iliyotiwa saini na mchezaji, tiketi ya mechi ya zamani, kikombe chenye picha ya harusi ya kifalme. Huuzwa mnadani kwa fedha nyingi, hata jezi yenye jasho!

Lakini kitabu mashuhuri chenye jina hilo, cha Myunani Xenophon, hakizungumzii vitu. Kina mazungumzo ya Socrates, mwalimu ambaye mwenyewe hakuacha kitabu. Aliyemwandika ni mwanafunzi. Nasi hatuna haja ya kwenda Uyunani kwa hilo, kwani Masahaba walihifadhi maneno ya Mtume (S.A.W.) vifuani kabla hayajakusanywa vitabuni.

Kwa maoni yangu, basi, tafsiri yake ni kumbukumbu, wala si "vitu vya zamani". Nayasema haya kwa kuwa mwaka huu mbao zetu za kuandikia zilikaribia kuwa kuni za pilau ya Maulidi. Niliwahi kuziokoa tatu. Moja bado inasomeka alifu na be, kwa mkono wa mtoto. Anayejua ni ya nani aje aniambie, tumwandike jina lake nyuma ya ubao.