Breki Inayoharakisha Gari

Katika mashindano ya mbio fupi za magari, ambayo chimbuko lake ni Marekani, magari mawili husimama sambamba na kushindana kwenye njia iliyonyoka ya meta 402, yaani robo maili. Mshindi aghalabu hupatikana kwa sehemu ndogo ya sekunde, na sehemu hiyo mara nyingi hupotea katika meta chache za mwanzo. Ndiyo maana washindani wengi huvutwa na breki ya giaboksi, wakainunua kabla ya kujiuliza iwapo gari lao linaihitaji.

Giaboksi ya otomatiki huendeshwa kwa mafuta yenye kanieneo. Ndani yake mna kasha la vali, kipande cha metali chenye vijia vingi mithili ya njia za mchwa, nalo ndilo liamualo klachi ipi ibanwe na ipi iachiliwe. Breki hiyo haiko kwenye magurudumu. Ni vali iongozwayo na sumaku ya umeme, ambayo hupeleka mafuta kwenye gia ya kwanza na gia ya kurudi nyuma kwa wakati mmoja. Gia hizo hupingana, na mhimili utokao giaboksi hukwama. Dereva akibonyeza kitufe, injini hunguruma lakini gari halisogei. Akikiachia, gia ya nyuma hufunguka na gari huchupa.

Mwanafunzi wa fizikia na aulize: nishati ya injini huenda wapi wakati gari limesimama? Karibu yote hugeuka joto katika mafuta yanayokorogwa ndani ya konvata, chombo kiunganishacho injini na giaboksi. Kilowati 200 zikizuiwa kwa sekunde 3 huwa kilojuli 600, joto litoshalo kuchemsha lita 2 za maji yaliyokuwa na nyuzi 30. Kushikilia kitufe kwa majigambo ni kuunguza giaboksi.

Basi kwa gari la mashindano pekee, lenye mihimili na klachi zilizoimarishwa, kifaa hiki kinafaa. Powerglide ya Chevrolet, giaboksi ya gia mbili iliyotengenezwa kuanzia 1950 hadi 1973, ingali inapendwa kwa kazi hiyo. Lakini gari liendalo pia sokoni na kazini halina haja nacho, kwani mshindo wa kuondoka huangukia mihimili na difrensha ambazo hazikuundwa kwa kishindo hicho.

Jambo lisilozingatiwa sana, ingawa ni kubwa zaidi, ni mpangilio wa gia katika kasha ambalo dereva hujibadilishia gia mwenyewe. Katika mpangilio wa kawaida, gia ya juu hupakana na nyutro. Mkono wenye pupa ukipitiliza, injini hupoteza mzigo ghafla huku ikipewa mafuta yote, ikazunguka kupita kiasi na pengine kuvunjika. Katika mpangilio uliopinduliwa, gia ya juu iko mwisho, wala mbele yake hapana pa kupitilizia. Mnunuzi na aulize hilo kwanza, kisha ndipo aulizie breki.