Mashine Iliyolala Haijafa

Ukipita hapa Kidodi, chungulia nyuma ya nyumba zetu na ndani ya stoo. Utaona mashine zilizolala. Utaona pampu ya kumwagilia bustani iliyosahauliwa. Utaona injini ya kusaga nafaka iliyofunikwa gunia. Utaona pikipiki isiyo na magurudumu. Kila moja ilinunuliwa kwa jasho. Sasa ni nyumba ya panya.

Mimi nina maoni yangu juu ya mashine hizi. Nasema hivi: mashine iliyolala haijafa. Kabla ya kumwita mnunuzi wa chuma chakavu, tuipe nafasi ya kuamka. Lakini tuiamshe kwa utaratibu. Mashine nyingi haziuawi na miaka ya kulala. Zinauawa siku ya kuamshwa.

Nitaeleza kwa mfano wa mashine moja ya boti. Niliishughulikia kwa mikono yangu, na nilikosea. Kosa langu litawafaa wengine.

MASHINE YA MZEE

Jirani yangu ni mzee aliyefanya kazi ya boti katika Mto Kilombero, upande wa Ifakara. Alivusha watu na mizigo kwa miaka mingi. Mwaka 2018 daraja kubwa la mto huo lilizinduliwa. Daraja ni jambo jema. Mgonjwa anavuka usiku na mpunga unavuka bila kulowa. Lakini kazi ya mzee ikapungua, kisha ikaisha. Akauza boti yake, akarudi Kidodi na mashine tu. Ni Yamaha ya nguvu ya farasi 8. Aliisimamisha kwenye kona ya stoo, akaitupia turubai. Hakuigusa tena kwa zaidi ya miaka mitano.

Siku moja alipita mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake. Wajukuu wakasema, "Babu, uza. Hiyo si mashine tena, ni chuma."

Mashine ikapimwa. Haikufika kilo 30. Pesa aliyotaja mnunuzi isingejaza hata dumu la petroli la lita 20.

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mashine hii ndiyo iliyowasomesha mama zenu. Niacheni nifikiri."

Nami nasema mzee alifanya vizuri. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka wako wa zamani. Msala upitao ni mkeka mzuri wa mtu mwingine, unaopita tu. Usitupe kilicho chako kwa sababu ya kitu ambacho bado si chako. Mashine mpya iko dukani. Ya zamani iko stoo, nayo imekwisha kulipiwa.

KOSA LANGU

Mzee aliniita nimsaidie. Mimi ni fundi baiskeli. Nilidhani injini zote ni moja. Tuliitoa stoo, tukaifunga kwenye boriti. Nikaweka petroli mpya, nikavuta kamba kwa nguvu zangu zote. Mara ya kumi na kitu injini ikanguruma. Watoto wakashangilia.

Mzee hakushangilia. Alipiga kelele, "Zima! Zima! Haina maji!"

Sikumwelewa. Nilipozima, tayari kulikuwa na harufu ya mpira ulioungua.

Ndugu msomaji, mashine ya boti haipozwi kama pikipiki. Pikipiki nyingi hupozwa na upepo. Mashine ya boti hunywa maji ya mto. Chini, ndani ya mguu wake, kuna pampu ndogo yenye gurudumu la mpira. Gurudumu hilo husukuma maji juu kwenye injini, kisha maji hutoka nje. Ukiiwasha mahali pakavu, mpira ule hujisugua bila maji. Kwa muda mfupi tu huungua na kukatika. Na mpira uliokaa miaka mingi huwa umekakamaa, kwa hiyo hukatika upesi zaidi.

Tuliagiza mpira mwingine Dar es Salaam. Ulikuja na basi la Ifakara. Gharama nililipa mimi. Nilistahili.

JINSI TULIVYOIAMSHA

Mara ya pili tulikwenda polepole. Tulitafuta ushauri wa fundi anayejua injini za boti. Haya ndiyo tuliyofanya, moja baada ya jingine.

Kwanza, hatukugusa kamba. Tulifungua kifuniko cha juu, tukatoa kiota cha panya na tope la nyigu. Tulikagua nyaya moja moja. Waya mmoja ulikuwa umetafunwa.

Pili, tulitoa plagi. Tulimimina oili safi kiasi cha kijiko kimoja kwenye kila tundu lake, tukaiacha ilale. Kesho yake tulizungusha kwa mkono lile gurudumu zito lililo juu ya injini. Lilizunguka. Kama lingegoma, tungeongeza oili na kungoja siku kadhaa. Hatungepiga nyundo. Nyundo haiondoi kutu ndani ya silinda.

Tatu, tulimwaga mafuta ya zamani. Petroli iliyokaa miaka huharibika. Huacha utomvu unaonata kama ulimbo, nao huziba matundu madogo ya kabureta. Tulifungua kabureta, tukaiosha kwa petroli safi, tukapuliza matundu. Usichokoe tundu kwa waya. Ukilipanua, injini itapewa mafuta kupita kiasi. Mpira wa kupitisha mafuta ulikuwa umepasuka, tukaubadili. Mafuta machafu tuliyakusanya kwenye dumu. Hatukuyamwaga mtoni, maana maji ya Ruaha ni ya watu na ya samaki pia.

Nne, tulifungua bolti ya oili ya gia, chini kabisa karibu na propela. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, ujue maji yameingia na sili zimechoka. Yetu ilitoka nyeusi. Tukashukuru, tukaweka mpya.

Tano, tuliweka mpira mpya wa pampu na plagi mpya. Tukatoa propela, ili isimkate mtu wala kupiga pipa. Tukaingiza mguu wa mashine kwenye pipa lililojaa maji. Tulifanya kazi hii uwanjani. Moshi wa injini ndani ya chumba huua mtu bila kelele.

Sasa mzee mwenyewe akavuta kamba. Mara ya sita mashine ikaamka. Ilitoa moshi mwingi mweupe, kisha moshi ukapungua. Nyuma yake kijito chembamba cha maji kikaanza kuruka. Mzee akakiwekea kiganja. "Sasa inakojoa," akasema. "Ni nzima."

KUSOMA NI SPANA YA KWANZA

Kuna jambo lililonigusa zaidi ya yote. Mashine kama ile haina oili yake mahali pake kama pikipiki nyingi. Oili huchanganywa na petroli. Oili ikiwa kidogo, pistoni huungua. Ikizidi, plagi huchafuka na moshi hujaa.

Nilimwuliza mzee, "Ulikuwa unachanganya vipi?"

Akajibu, "Chupa moja ya soda kwa dumu moja."

Kwa miaka yake ya kazi kipimo hicho kilimfaa. Lakini chupa za soda za leo hazilingani. Ipo ya mililita 250. Ipo ya 350. Ipo ya 500. Akitumwa mjukuu kwa "chupa ya soda", ataleta ipi?

Binti wa mzee ni mama wa makamo. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kama wengi wenu mnaosoma ukurasa huu. Yeye ndiye aliyefuta vumbi kwenye mashine akaona maandishi: 50:1. Maana yake, sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili. Tulipiga hesabu pamoja. Petroli lita 5 zinataka oili mililita 100. Lita 10 zinataka mililita 200. Dumu la lita 20 linataka mililita 400. Kisha akasoma chupa ya oili dukani na kutafuta alama TC-W3. Hiyo ni alama ya oili ya mashine za boti za namna ile.

Mashine nyingine, hasa za zamani zaidi, hutaka 25:1. Kwa hiyo usifuate mashine ya jirani. Soma yako.

Watu husema fundi ni spana. Mimi nasema spana ya kwanza ni kusoma. Mama yule hakushika bolti hata moja. Lakini ndiye aliyeokoa injini.

WANAOPINGA

Wengine watasema, "Mashine za zamani hunywa mafuta na kutoa moshi. Afadhali mpya." Ni kweli. Injini inayochoma oili pamoja na petroli hutumia mafuta mengi kuliko zile mpya za mipigo minne. Mwenye pesa ya mpya, anunue. Lakini swali la mzee halikuwa mpya au ya zamani. Swali lilikuwa ya zamani au hakuna.

Wengine watasema, "Mashine iliyolala itakuzimikia katikati ya mto." Hoja hii naiheshimu sana. Mto Kilombero una viboko na mamba. Injini ikizima pale, si mchezo. Ndiyo maana nasema mashine iliyoamshwa isibebe abiria siku ya kwanza. Ijaribiwe kwenye pipa. Kisha ijaribiwe kando ya mto siku kadhaa, pamoja na makasia na maboya ya kuvaa. Na boti ya abiria ni lazima ikaguliwe na kupewa leseni. Kazi hiyo sasa iko chini ya TASAC. Tusiseme tumeokoa mashine huku tumepoteza watu.

Wengine watauliza, "Je, kila mashine itaamka?" Hapana. Silinda ikipasuka, au kutu ikiila ndani, au vipuri vikizidi bei ya kununua nyingine iliyotumika, basi imekufa. Iuze bila majuto. Lakini toa kwanza propela na vipande vilivyo vizima. Vitamfaa mwenzako.

TUZILAZE VIZURI

Dawa kubwa iko mwanzoni. Mzee angeilaza vizuri mashine yake, kazi yetu ingekuwa ya siku moja. Kulaza mashine ya boti ni hivi. Iwashe ndani ya maji safi, ijisafishe. Ikiwa bado inanguruma, chomoa mpira wa mafuta, iache imalize yaliyomo ndani hadi izime yenyewe. Toa plagi, weka oili kidogo, zungusha, rudisha plagi. Badili oili ya gia. Isimamishe wima kwenye mti, maji yote yatoke. Ifunike kwa kitambaa, si kwa nailoni, kwa maana nailoni hushika unyevu. Kisha andika tarehe kwenye daftari.

Pampu ya bustani na injini ya kusaga nazo zina utaratibu wake. Jambo ni lile lile: usiweke mashine stoo na petroli tumboni, na usiamshe mashine kwa hasira.

Vijana wa kwetu wanaweza kazi hii. Mikumi si mbali, na pale kipo chuo cha VETA. Kijiji kikipeleka vijana wawili wajifunze injini, stoo zetu zitatoa mali.

Mashine ya mzee sasa iko kwa mpwa wake, mvuvi wa Mto Kilombero. Mpwa huleta fungu la mzee kila anapouza samaki. Si pesa nyingi. Lakini juzi nilimkuta mzee ameketi nje, na binti yake anamsomea daftari la mashine: tarehe, lita, mililita. Mzee alikuwa anasikiliza kama mtu anayesomewa barua ya mwanawe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, nyumbani kwako kuna mashine iliyolala? Ilianza kulala mwaka gani, na kwa sababu gani?

2. Kwa nini si vizuri kuwasha mashine ya boti mahali pakavu?

3. Mashine inataka 50:1. Una petroli lita 15. Utaweka oili mililita ngapi?

4. Mwandishi anasema mashine ya zamani iamshwe kabla ya kuuzwa. Je, mnakubaliana naye? Toeni sababu zenu.